Mtoto wa Christen Aliyeitwa Jeppe

Katika ukoo wa kina Gunver, mwanamume akiwa mpole kupita kiasi mbele ya mkewe, watu walimwita Christen. Jina lake halisi halikuwa na kazi tena. Mume wa shangazi yake Gunver, ambaye hakuwahi kuwasha kiko mpaka aruhusiwe, alikuwa Christen mpaka siku anazikwa. Binamu yao mmoja alimwachia mkewe usukani wa trekta mpya wakati wa mavuno, akapewa jina hilo hapo hapo shambani, kabla hata injini haijapoa.

Chanzo chake ni kisa ambacho bibi yake Gunver alikuwa akikisimulia huku anamenya viazi. Hapa hapa kisiwani Mors, alisema bibi, palikuwa na mwanamke jina lake Maren, na huyo ndiye aliyemzaa babu yangu mimi. Maren aliolewa na Jeppe Lauridsen, kijana mzuri wa sura, hodari wa dansi, mwenye shamba lake. Baridi moja Jeppe akavuka Limfjord, mkono wa bahari unaokizunguka kisiwa, kwa miguu juu ya barafu, barafu ikapasuka, akaenda zake. Maren akalia mpaka majirani wakachoka kumbembeleza. Halafu akaja Christen Poulsen, mtu wa usharika wa pili, akamwoa mjane pamoja na shamba lake. Alipozaliwa mtoto wa kwanza wa kiume, Maren akasema: ataitwa Jeppe. Jina la mume aliyekufa! Na Christen je? Hapo bibi aliweka kisu chini, akainamisha kichwa, akawa anakunjakunja kofia ambayo haipo mikononi mwake. "Christen akasema, sawa, mama." Jiko zima likaangua kicheko.

Gunver mwenyewe alikicheka kisa hicho tangu utotoni mpaka mvi zikamjaa kichwa. Aliacha kucheka mwaka ule Villads alipomtaka waishi pamoja.

Mumewe, Evald, alikuwa amekwisha fariki. Evald alikipenda kisa cha Christen kuliko hata waliozaliwa ndani ya ukoo. Katika kiangazi chake cha mwisho aliketi kwenye benchi upande wa jua, blanketi magotini, akamwambia mkewe:

"Nikiondoka, ukapata mwingine, mimi sina neno. Ila nakuomba kitu kimoja. Usije ukamfanya mwanamume wa watu kuwa Christen."

"Nyamaza wewe, kunywa kahawa," Gunver akamjibu.

Walicheka wote wawili. Sasa ombi lile alikuwa amebaki nalo peke yake, na halikuchekesha hata kidogo.

Villads alikuwa dereva wa gari la maziwa. Kwa miaka mingi aliingia uani kwao asubuhi, akavuta maziwa, akabishana na Evald kuhusu mvua na siasa na ng'ombe wa nani wana akili, akaondoka. Mkewe, Karna, mfumaji wa mablanketi, naye alikuwa ametangulia. Villads alipostaafu aliendelea kuja, ila sasa kwa baiskeli, kana kwamba miguu yake haikuambiwa kuwa kazi imekwisha. Gunver alimtengea kikombe chake. Na siku moja ya Aprili, wakiwa wanapanda viazi bustanini, mgongo wa kila mmoja ukilia kwa lugha yake, Villads akaegemea jembe akasema alichokuja kusema.

"Nyumba yangu ina vyumba vinne na mtu mmoja. Uje tukae, Gunver. Kabla ya baridi."

"Watu watasema."

"Wamekwisha sema. Mwenye duka ameniuliza kama sasa aniwekee mikate miwili."

Gunver alicheka, lakini jibu hakutoa. Villads akangoja, akapanda viazi kama vinne hivi, akaongeza:

"Nitakuuliza tena likizo ya viazi." Alikuwa na maana ya ile wiki ya Oktoba ambayo zamani watoto walitolewa shule wakasaidie kuvuna, na mpaka leo jina halijaondoka. "Ukisema hapana, ni hapana, na kahawa nitakuja kunywa kama kawaida. Lakini mara ya tatu siulizi. Mimi si kasuku."

Tatizo la Gunver halikuwa Villads. Villads alimpenda, hilo hakuhitaji kujidanganya. Tatizo lilikuwa kwamba Evald hajamtoka. Akifungua gazeti, alimsomea kwa sauti bei ya nguruwe. Akiona mawingu yamejikusanya magharibi, alimuuliza kama nyasi zianuliwe. Mtu wa namna hiyo atahamiaje kwa mwanamume mwingine? Atafika pale na Evald mdomoni asubuhi na jioni, na Villads, mtu mzima mwenye heshima zake, atakaa mezani anakunjakunja kofia.

Binti yake, Dorthe, ndiye aliyelisema waziwazi. Dorthe na mumewe walikuwa wanafuga nguruwe kwenye mashamba ya Evald, wakikaa nyumba mpya ng'ambo ya barabara, na kila siku aliingia jikoni kwa mama yake akiwa na soksi tu, mabuti ameyaacha nje.

"Mama, nikuulize. Ukienda kwa Villads, baba atakaa wapi?"

"Baba yako yuko pale kanisani, mwanangu, upande wa kaskazini. Hajahama."

"Unajua ninachosema. Ama utamsahau baba, ama humsahau, na Villads awe Christen. Hakuna la tatu."

"Unamwonea wivu baba yako, au unamhurumia Villads?"

"Vyote viwili," alisema Dorthe, akachukua kipande cha keki, akatoka nacho.

Hakuna la tatu. Gunver alilizungusha neno hilo kiangazi kizima. Akichuma matunda ya kutengenezea jamu, lilikuwepo. Akiosha madirisha, lilikuwepo. Mwishowe, Septemba ilipoingia na mvua zake za upepo, akajiambia: nitamtafuta huyu Christen. Kisa cha bibi kiliishia kwenye ubatizo, na hakuna aliyewahi kusema mtu huyo aliishije baada ya pale. Kama aliishi kwa aibu, kama alikimbilia pombe akawa analala ghalani, kama mwishowe alimkimbia Maren, basi Villads nitamwambia hapana. Na kama aliishi vizuri... Hapo wazo lake lilisimama, kama mtu aliyefika mlangoni asijue abishe hodi au arudi.

Kutafuta alikujua. Baada ya kufiwa alijiunga na masomo ya jioni, wakakaa wazee watupu kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga meza, wakifundishwa kusoma mwandiko wa wachungaji wa zamani, ambao ukiutazama mara ya kwanza utadhani kuku wamepita kwenye theluji. Siku hizi hata safari ya kwenda kuvitazama vitabu vya kanisa haikuwepo. Kurasa zote zilipigwa picha, unazifungua kwenye kompyuta ukiwa na sweta lako na kahawa yako, marehemu wote wa Mors wanakuja kwako mmoja mmoja.

Jeppe Lauridsen hakumsumbua. Alimkuta kwenye kurasa za maziko, ameandikwa kuwa alizama, na mwili ulipatikana barafu ilipoyeyuka. Kisha akaipata ndoa: Maren, mjane, wa usharika wa Hjortrup, na Christen Poulsen, mgane, wa usharika wa Kvolstrup. Gunver akainakili, akasonga mbele haraka, kwa kuwa hamu yake yote ilikuwa kwenye ubatizo. Nao huu hapa. Mtoto: Jeppe. Wazazi: Christen Poulsen na mkewe Maren. Mtoto mwenyewe angeitwa Jeppe Christensen, yaani Jeppe mwana wa Christen, kama ilivyokuwa kwa watu wote wa zama hizo, kila mtu kubeba jina la baba yake mgongoni.

Kwa hiyo bibi hakudanganya. Gunver alivunjika moyo kidogo. Alikuwa ametumaini, bila ya kujua kwamba anatumaini, kuwa kisa chote kilikuwa cha kutunga.

Lakini chini ya jina la mtoto palikuwa na majina ya wadhamini, na la kwanza ni la mwanamke aliyembeba mtoto mpaka kwenye maji: Else Lauridsdatter. Binti wa Laurids. Gunver alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jeppe aliyezama alikuwa mwana wa Laurids, wa nyumba hiyo hiyo. Huyu alikuwa dada wa Jeppe aliyezama. Na aliyesimama karibu naye, mdhamini wa pili, alikuwa Søren Poulsen, ndugu yake Christen.

Dorthe aliingia wakati huo na soseji mbichi kwenye bakuli.

"Bado uko na maiti zako?"

"Namtafuta Christen."

"Mtafute chini ya meza. Ndiko anakokaa."

"Kaa hapa wewe, acha mdomo. Tazama. Mtoto wa Christen amebebwa kanisani na dada yake yule marehemu. Na ndugu yake Christen amesimama pale pale, shahidi. Sasa niambie, wewe ungekuwa Søren, ndugu yako anadhalilishwa mbele ya usharika mzima, ungeenda ukasimama pale na nguo zako za Jumapili?"

"Pengine alifuata chakula," alisema Dorthe. Hata hivyo aliweka bakuli chini akavuta kiti.

Waliendelea pamoja, Gunver akisoma, Dorthe akibonyeza. Wakafika kwenye orodha ya kuhesabu watu, miaka kadhaa baadaye, nyumba kwa nyumba. Nyumba ya Christen Poulsen, mkulima. Maren, mkewe. Bibi kizee mmoja, mama yake yule Jeppe aliyezama, mwenye chumba chake humo na haki ya kulishwa mpaka afe. Jeppe, mtoto wao. Sidsel, mtoto wao.

"Sidsel ni nani?" Dorthe akauliza.

"Sijui."

"Bibi hakumtaja?"

"Sijamsikia mpaka leo hii."

Wachungaji wa wakati ule waliwaandika wavulana kwao na wasichana kwao, kurasa mbali kabisa, na Gunver tangu aanze alikuwa akipita upande wa wavulana tu, maana kisa kilikuwa cha mvulana. Sasa wakahamia upande wa wasichana. Mvua ilikuwa inapiga dirisha kwa ubavu. Dorthe, ambaye alisema anaketi dakika moja, alikuwa amekwisha kunja miguu kwenye kiti kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana.

Sidsel walimpata. Mtoto wa kwanza wa kike wa Christen na Maren. Aliyembeba kanisani hakuwa mtu wa Hjortrup. Alikuwa mwanamke mzee wa Kvolstrup, mke wa mtu anayeitwa Anders.

"Huyu naye anatoka wapi?" Gunver alisema. "Maren hana watu Kvolstrup. Anayetoka Kvolstrup ni Christen."

"Labda ni mama yake Christen."

"Mama yake Christen amekufa, nimemwona kwenye maziko."

Gunver akarudi kwenye karatasi aliyonakili ile ndoa, akapitisha kidole, na kidole kikasimama kwenye neno alilolipita mbio kama mtu anayepita nyumba asiyo na shida nayo. Mgane. Christen hakuja kwa Maren akiwa kijana. Alikuja akiwa amefiwa.

"Fungua Kvolstrup," alimwambia binti yake. "Maziko. Wanawake."

Haikuwachukua muda, kwa kuwa usharika wenyewe ulikuwa mdogo na watu wake hawakuwa na haraka ya kufa. Sidsel Andersdatter, binti wa Anders, mke wa Christen Poulsen, alikufa kwa uzazi. Mstari uliofuata ulikuwa wa mtoto, ambaye hakupata jina.

Dorthe ndiye aliyelitamka, polepole, kidole bado kiko kwenye kioo.

"Ngoja, mama. Kwa hiyo na yeye? Kumbe na yeye Christen alimpa mtoto jina la mke wake aliyekufa?"

"Na mama wa yule marehemu akaja kumbeba."

"Na Maren akakubali."

"Mvulana akawa Jeppe, msichana akawa Sidsel."

Gunver hakutaka kuliamini haraka. Alijua jinsi mtu mwenye hamu anavyoona anachotaka kukiona. Alisema watu wawili wanaweza kupatana jambo lao wenyewe nyumbani kwao, na hilo halithibitishi kitu. Basi juma lile lote alipitia Hjortrup nyumba kwa nyumba, na Dorthe akawa anakuja kila jioni mapema, nguruwe wakishalishwa, akiuliza kabla hata hajavua koti, "Leo umempata nani?" Mjane wa msaga unga aliolewa tena, mvulana wa kwanza akapewa jina la msaga unga wa zamani. Mhunzi alifiwa, akaoa mwingine. Binti wa kwanza akachukua jina la mke wa kwanza. Fundi wa mapipa, hivyo hivyo. Hata mchungaji mwenyewe, aliyekuwa akiandika hivyo vitabu, alikuwa na binti mwenye jina la marehemu mkewe. Ilikuwa desturi ya watu wote. Aliyefiwa akioa au akiolewa tena, mtoto wa kwanza anampa marehemu nafasi yake nyumbani, na yule mpya ndiye anayemwita kwa jina hilo kila siku. Hakuna aliyedhalilishwa. Asiyefanya hivyo ndiye angesemwa.

Mbona basi ukoo ulibaki na nusu ya kisa? Hilo nalo walilipata kwenye ndoa za wasichana. Sidsel aliolewa na mhunzi wa Sjælland, mashariki mbali kule, akahama. Jeppe akabaki na shamba.

"Na sisi watu wa Mors," alisema Dorthe, "mtu akihama kisiwani tunamhesabu amezama."

"Akabaki Jeppe peke yake. Desturi ikafa, watu wakasahau. Wakaona jina la mume wa kwanza liko kwa mtoto wa mume wa pili, wakatafuta maana."

"Wakamtafutia na kofia."

"Kofia ni ya bibi yangu," alisema Gunver. "Bibi alipenda kuigiza."

Dorthe alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Hebu fikiria, mama. Mwanamume yuko shambani, ana shughuli zake, anapaza sauti: Jeppe, leta farasi! Siku nzima anaita jina la mtu ambaye shamba lilikuwa lake. Na Maren naye jikoni: Sidsel, funga mlango, baridi inaingia. Mwanamke ambaye hajawahi hata kumwona! Na sisi tumekaa tunamtukana Christen wa watu miaka yote hii. Hata baba."

"Baba yako hakujua."

"Hakujua. Lakini angejua, asingekubali ameshindwa mzaha. Angesema vitabu vimekosea."

"Angesema hivyo kweli," alisema Gunver, na wakacheka tena, na safari hii Evald alikuwa kama yumo jikoni, anawakatalia.

Alibaki Christen mwenyewe, mwisho wake, jambo ambalo Gunver alianzia. Alimpata mzee sana, amefia kwenye nyumba ya mwanawe Jeppe, sababu ya kifo uzee, hakuna zaidi. Majira ya kuchipua yaliyofuata Maren akamfuata. Mchungaji hakuandika kama walipendana. Vitabu vile havina safu ya jambo hilo. Vina safu ya chanjo ya ndui, vina safu ya nani alihudhuria, lakini ya hilo hakuna. Gunver alikaa akiutazama mstari wa Christen, mwandiko umeegemea upande mmoja, na akaona kwamba hata hivyo anajua vya kutosha. Mtu aliyekaa miaka yote ile asikimbie, akafia kitandani mwake kwa mtoto aliyempa jina hilo kwa ridhaa, hakuwa chini ya meza.

Alizima kompyuta akaenda kung'oa karoti.

Likizo ya viazi ilifika na jua la baridi. Villads alikuja na baiskeli siku ya Jumapili, kapu la matufaha nyuma, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Dorthe alikuwepo, alikuwa amekuja kuazima sufuria kubwa, na sufuria alikwisha ipata zamani, lakini hakuondoka. Villads alimtazama mama, akamtazama binti, akaketi kwenye kiti kama anayesubiri kung'olewa jino.

"Basi," alisema. "Ni likizo ya viazi."

"Kunywa kahawa kwanza," alisema Gunver.

"Siwezi. Nikinywa nitatapika. Sema tu."

Gunver akamweleza. Alianza na kisa cha bibi, ambacho Villads alikijua, kwa maana Evald alimsimulia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akaendelea mpaka kwa Sidsel wa Kvolstrup na mama yake aliyetembea usharika mzima kuja kumbeba mjukuu asiye wake. Villads alisikiliza mdomo wazi kidogo. Gunver alipomaliza, yeye alichukua tufaha, akalirudisha.

"Alitembea kutoka Kvolstrup? Na upepo ule?"

"Hilo tu ndilo ulilolisikia katika maneno yote niliyosema?"

"Hapana, nimesikia. Nafikiri tu." Akakuna shavu. "Kwa hiyo jibu ni lipi?"

"Jibu ni kwamba nitakuja. Lakini siji peke yangu, Villads. Evald nakuja naye. Nitamtaja mezani, nitamtaja bustanini, nitamtaja hata pasipokuwa na sababu. Sitajificha na sitaomba radhi. Na Karna wako nitamtaja pia, kwa jina lake, si 'yule mkeo'. Kama hilo hulitaki, liseme sasa hivi, binti yangu akiwa shahidi."

"Unafikiri mimi Karna simtaji?" Villads alisema. "Kila nikiunguza viazi namwambia asitazame. Nilikuwa naogopa wewe ndiye utakayeniona mwendawazimu. Nimejizoeza wiki hizi kunyamaza. Imenishinda."

"Basi usijizoeze."

"Sawa. Ila kuna jambo." Alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja. "Hilo jina tutampa nani? Maana sisi wawili, hata tukijitahidi vipi..."

"Villads!" Dorthe alipiga kelele, sufuria kifuani. "Mimi niko hapa!"

"Nauliza desturi tu, mwanangu. Desturi ni desturi."

Gunver alicheka mpaka akashika meza. Villads akanywa kahawa yake, yote, na nyingine. Dorthe alisimama mlangoni akivaa mabuti, akahangaika na kisigino kwa muda mrefu kuliko buti lenyewe lilivyohitaji, kisha akasema bila ya kugeuka:

"Jumamosi nitaleta tela."

"Tela gani?" aliuliza mama yake.

"La nguruwe. Nitaliosha."

Aliliosha kweli, mara mbili, ingawa kabati la nguo lilinukia nguruwe mpaka Krismasi. Walihamisha vyombo, vitabu, kitanda kidogo, cherehani, na picha ya Evald akiwa na ndama wake wa maonyesho, wote wawili wameangalia kamera kwa uso ule ule. Villads alisogeza picha ya Karna sentimita chache kushoto, akapigilia msumari yeye mwenyewe, akasimama nyuma akapima kwa jicho moja. Dorthe alisema iko sawa. Villads akasema imeenda kulia. Wakabishana mpaka supu ikapoa.

Asubuhi ya kwanza Gunver aliamka akakuta upande wa pili hakuna mtu, na sauti ya sepetu nje: Villads alikuwa anachimbua mboga za mwisho kabla ardhi haijaganda. Jiko lilikuwa geni. Vijiko vilikaa pasipo pake, kiberiti alikitafuta mahali pote isipokuwa kilipokuwa. Mwishowe kahawa ikachemka, akakata mkate mweusi, akafungua dirisha, akaita kama alivyoita maisha yake yote:

"Evald! Kahawa!"

Sepetu ilinyamaza. Gunver alibaki na mkono kwenye dirisha, upepo ukimwingia kwenye mikono ya sweta.

"Nakuja, Karna," ilisema sauti ya nje.

Villads aliingia, akafuta viatu kwenye zulia, akanawa mikono, akaketi, akavuta siagi karibu yake. Gunver alimtazama usoni kuona kama alikuwa anamtania au limemtoka tu. Hapakuwa na dalili ya hili wala ya lile. Hakumuuliza. Akammiminia kahawa, akajimiminia na yeye, wakala.